Tuwaiteje Wenzetu? Juu ya Watu Waliobadili Jinsia na Heshima ya Ulimi



Mwezi wa Agosti mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret iliamua kesi ya mtu mmoja aliyezaliwa na kuandikishwa kuwa mwanamume, lakini ambaye huishi kama mwanamke. Mtu huyo alikuwa amekamatwa mwaka 2019, na akiwa kizuizini alipekuliwa mwili wake kwa namna ambayo mahakama iliona imemvunjia heshima ya utu. Jaji aliamuru alipwe fidia ya shilingi 1,000,000, tena akataka itungwe sheria ya kuwalinda watu walio katika hali kama yake. Hatukusudii hapa kuichambua hukumu hiyo; wanasheria wapo, na rufaa zina njia yake. Tunakusudia kusema juu ya maneno yaliyofuata, yaliyotoka vinywani mwa Wakristo, wengine wao wakiwa bado wameshika rozari mkononi.

"Jitu lile." "Hicho kitu." "Mkosi wa nchi." Maneno ya namna hii yamesemwa katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo, katika matatu, na uwanjani mwa kanisa baada ya Misa. Mengine hayaandikiki katika kijarida cha Kanisa. Wapo waliocheka, na wapo walionyamaza kwa sababu katika ukoo wao yumo mtu ambaye maneno hayo yalimhusu.

Tunajua kwamba wasomaji wetu wamezoea kuiona Tume ya Haki na Amani ikiandika juu ya mashamba, uchaguzi, rushwa na bei ya unga. Baadhi yao watashangaa kuona jambo hili, na wengine watashuku kuwa tumeagizwa na wafadhili wa ng'ambo. Hatukuagizwa na mtu. Tangu zamani kazi ya Tume hii ni kuangalia mahali ambapo mtu anavunjiwa utu wake na kuuliza ni nani anayemvunjia. Safari hii jibu limekuwa karibu nasi mno.

Tuanze na mafundisho, ili pasiwe na mashaka. Kanisa linaamini kwamba Mungu alimwumba binadamu kwa mfano wake, mume na mke, na kwamba mwili ni zawadi ambayo kila mmoja wetu aliipokea kabla hajachagua lolote. Mwili si vazi la kuvaa asubuhi na kulivua jioni. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alizipinga zile fikra zinazotaka kuifanya tofauti ya mume na mke kuwa jambo la hiari ya mtu tu. Idara ya Mafundisho ya Imani ikalisema tena katika tamko Dignitas Infinita lililotolewa Aprili 2024, ikiongeza kwamba matibabu ya kubadili jinsia, kwa kawaida, yanahatarisha hadhi ambayo mtu ameipokea tangu kutungwa mimba. Hayo ndiyo mafundisho, nasi hatuna mamlaka wala nia ya kuyapunguza.

Lakini tamko lilo hilo, kabla halijafika kwenye fikra hizo, lilitamka kwamba kila mtu, uwe vyovyote mwelekeo wake wa kijinsia, anastahili kuheshimiwa katika utu wake na kupokelewa kwa uangalifu, na likalaani kwamba mahali fulani watu wanafungwa, wanateswa, na hata kunyimwa uhai kwa sababu ya mwelekeo huo peke yake. Tumeona jinsi tamko hilo lilivyosomwa huku kwetu: huyu alichukua aya yake akaifanya fimbo, yule akachukua aya yake akaifanya ngao, na kurasa nyingine hakuna aliyezifungua. Anayetaka kulitumia tamko hilo kumfundisha mwenzake alisome lote.

Jambo la pili ni kujua tunasema juu ya nani, kwa maana sehemu kubwa ya matusi hutokana na kuwachanganya watu. Kuna mtu ambaye alizaliwa na maumbile yasiyoonyesha wazi kama ni ya kiume au ya kike. Kiswahili kina jina lake la siku nyingi, huntha, neno lililotoka katika Kiarabu. Wanazuoni wa Kiislamu walilijadili jambo la huntha kwa karne nyingi, hasa katika masuala ya urithi, maana walitaka kujua fungu lake la haki ni lipi. Kumbe ndugu zetu wa pwani walikuwa na neno la kisheria lenye adabu wakati sisi wa bara tulikuwa tukinong'ona. Kwa upande mwingine kuna mtu ambaye maumbile yake ya kuzaliwa yako wazi, lakini tangu ndani anajiona kuwa wa jinsia nyingine, na huenda amebadili jina, mavazi, au hata mwili kwa njia ya dawa na upasuaji. Huyo ndiye anayetajwa kuwa mtu aliyebadili jinsia. Na kuna mtu anayevutwa kimapenzi na wa jinsia yake mwenyewe, jambo ambalo ni tofauti na yote mawili. Kuwatia hawa wote katika gunia moja na kulifunga kwa neno la tusi ni kusema uongo, hata kabla hatujauliza kama ni kukosa adabu.

Nchi yetu ya Kenya imekwisha kujifunza kidogo juu ya huntha. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilikataa kutambua jinsia ya tatu katika kesi ya mfungwa mmoja huntha, lakini iliamuru alipwe shilingi 500,000 kwa sababu ya jinsi alivyodhalilishwa gerezani. Mwaka 2014 mahakama ilisikia habari ya mtoto ambaye hospitalini, mahali pa kuandika jinsia yake, palitiwa alama ya kuuliza. Mtoto wa Mungu, naye kitambulisho chake cha kwanza duniani ni alama ya kuuliza! Katika sensa ya mwaka 2019 huntha walihesabiwa kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikamtaja mtoto huntha na kumpa haki ya kutendewa kwa heshima. Kanisa nalo, katika Dignitas Infinita, limesema wazi kwamba katazo la kubadili jinsia halimzuii mtu mwenye kasoro za maumbile ya uzazi kutafuta msaada wa waganga. Basi yule katekista anayemwambia mama wa mtoto huntha kwamba kumpeleka mwanawe hospitalini ni dhambi, hana msingi katika mafundisho yetu.

Juu ya watu waliobadili jinsia tumejifunza kwa shida zaidi. Wengi wenu mnakumbuka jina la Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 akiwa na jina la kiume (jina lenyewe halitusaidii hapa). Kwa miaka mingi alikuwa na hati yenye alama nzuri ambayo haikumfaa kitu, kwa kuwa kila mwajiri aliyeitazama hati na kumtazama mwenye hati alidhani ameiiba. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe hati nyingine yenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote juu ya safari aliyoifuata Audrey Mbugua. Lakini maksi alizipata yeye, kwa kichwa chake mwenyewe, na kumnyima mtu mkate wa jasho lake ni dhambi inayomlilia Mungu, kama Maandiko yanavyosema juu ya ujira wa vibarua.

Tuje sasa kwenye ulimi wenyewe. Katika nchi zinazosema Kiingereza, mabishano yamekuwa makali juu ya viwakilishi, kwa sababu lugha yao ina neno moja la kumtaja mwanamume asiyekuwapo na jingine la kumtaja mwanamke. Mwalimu amefikishwa mahakamani, familia zimegawanyika, kwa ajili ya silabi moja. Huku kwetu vijana wanayasoma hayo katika simu zao na kuyaleta katika mikutano ya parokia kana kwamba ni yetu. Si yetu. Kiswahili kina yeye mmoja. Amekuja, anakaa, ataondoka: mpaka uambiwe zaidi, hujui kama ni baba au mama anayesemwa. Kikuyu ni hivyo hivyo, Kikamba na Kiluhya pia, na Kidholuo kadhalika. Wazee wetu walitupa lugha ambazo mtu anatajwa kwanza kuwa mtu. Mkristo anayesema Kiswahili hana sababu ya kumpiga mwenzake kwa kiwakilishi, wala kupigwa naye.

Hata hivyo, lugha yetu inao mlango wake wa dharau, nao ni ngeli. Zamani tulimtia mtu mwenye upungufu wa mwili katika jina linaloanza na ki-, kama vile kitu: kipofu, kiziwi, kiwete. Siku hizi wengi wetu tumejifunza kusema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino, na hatuoni tena kwamba tumepoteza chochote. Lakini angalieni jambo moja. Hata mzee aliyesema kiwete hakusema "kiwete kimefika". Alisema "kiwete amefika". Jina lilimshusha kidogo, sarufi ikampandisha tena. Kwa hiyo mtu anaposema leo "jitu lile limekuja kanisani", au "hicho kimekaa benchi la mbele", hajateleza ulimi. Amechagua. Amemtoa mwenzake katika ngeli ya watu na kumweka pamoja na mawe na mizigo. Hilo halikufundishwa na wazee, wala na Kanisa.

Kuna na maneno yaliyobadilishwa njiani. Wanawake wa pwani hadi leo huitana shoga, yaani rafiki wa moyoni, wala hakuna ubaya ndani yake. Neno hilo hilo lilipopanda bara likawa jiwe la kumtupia mtu, nalo hutupwa kwa huntha, kwa aliyebadili jinsia, kwa kijana mwenye sauti nyembamba katika kwaya, kwa mwanamume anayependa kupika. Hali kadhalika neno hanithi. Mwenye kurusha jiwe kama hilo mara nyingi hajui hata linampata nani.

Labda msomaji atasema: maneno hayavunji mfupa. Sisi tulioishi Bonde la Ufa hatuwezi kukubali. Kabla ya nyumba kuchomwa mwaka 2007 na 2008, kabla ya kanisa la Kiambaa kuteketezwa likiwa na wakimbizi ndani siku ya kwanza ya Januari 2008, majirani walikuwa wamekwisha kuitwa madoadoa. Doa halina mama, doa halibatizwi, doa hutolewa. Ilipofika mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na kwekwe na mende. Na hilo la mende tunalijua lilikotoka, maana Rwanda mwaka 1994 redio iliwaita Watutsi kwa jina la mdudu huyo wakati mapanga yakifanya kazi. Nchini Tanzania, watu wenye ualbino walipoanza kuwindwa kwa ajili ya viungo vyao, wenye kuwawinda waliwaita dili. Hatusemi kwamba kila aliyecheka uwanjani mwa kanisa ni muuaji. Tunasema kwamba njia ni ile ile, na mwanzo wake ni pale mtu anapovuliwa jina la mtu.

Tena wengine wetu tunakumbuka miaka ya ukimwi, jinsi wagonjwa walivyotajwa kwa mafumbo na vicheko, na jinsi vikombe vyao vilivyotengwa. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuti na daktari, alipofungua makao ya Nyumbani jijini Nairobi mwaka 1992, watoto wenye virusi walikuwa wakiachwa hospitalini. Hata mwaka 2004 makao hayo yalilazimika kwenda mahakamani kwa sababu shule za umma ziliwakataa watoto wake. Leo Mkristo yeyote angeona haya kutamka yale yaliyotamkwa wakati ule. Kilichobadilika hakikuwa mafundisho ya Kanisa juu ya usafi wa moyo. Hayo yalibaki yalivyokuwa.

Kuna hoja moja tunayoisikia zaidi kuliko nyingine, nayo inastahili jibu. Watu husema: "Sisi tunasema kweli tu. Yule ni mwanamume, tunamwita mwanamume, na jina lake la ubatizo tunalijua." Kweli ni jambo takatifu. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inataja dhambi tatu dhidi ya sifa njema ya mtu. Ya kwanza ni hukumu ya haraka. Ya tatu ni masingizio, yaani kusema uongo juu ya mtu. Katikati yake kuna masengenyo, na maana yake ni kufunua makosa ya mtu mbele ya wasioyajua, bila sababu ya haki. Tazameni vema: katika masengenyo, kinachosemwa ni kweli, na bado ni dhambi. Kwa hiyo hata kama tungekubaliana kwamba njia ya mtu fulani ni ya makosa, bado haturuhusiwi kulitangaza jina lake la zamani sokoni, wala kuipitisha picha yake ya utotoni kutoka simu hadi simu, wala kumwambia mwenye nyumba wake ili amfukuze. Mambo yapo yanayompasa Paroko kuyajua, na yapo yanayompasa daktari. Jirani wa ng'ambo ya ua hayumo.

Basi tumwite jina gani? Swali hili tumeulizwa na viongozi wa jumuiya kwa unyofu. Daftari la ubatizo linaandika tukio lililotendeka siku fulani mahali fulani, na swali lolote juu yake ni la Paroko na Askofu. Lakini maisha ya kila siku hayaendeshwi kwa daftari. Sisi ni watu wa majina mengi: jina la babu, jina la ubatizo, jina la shule, jina la utani, Mama Wanjiku, Baba Otieno, na hakuna anayetuuliza kitambulisho kabla ya kutuita. Kumwita mtu jina analoitikia si kutia sahihi chini ya nadharia yoyote, ni kumsalimu. Na ikiwa dhamiri ya mtu inamzuia kusema "dada" mahali anapoona si dada, lugha yetu haikumwacha bila njia. Liko neno ndugu, ambalo halina mume wala mke. Liko jirani, liko mwenzetu, liko mpendwa. Kwa mtu mwenye nia njema Kiswahili kina nafasi ya kutosha ya kuwa mkweli na kuwa na adabu kwa pamoja.

Upande wa pili nao tuuseme. Baada ya Mahakama ya Juu kuamua mnamo Februari 2023 kwamba haikuwa haki kulikatalia usajili shirika moja la kutetea haki za watu wanaopenda wa jinsia yao, mjadala ulichafuka kote kote. Wapo watetezi wa haki wanaomwita kila mzazi mwenye swali mshamba, na kila padre mwenye mafundisho adui. Mama anayetaka kujua mwanawe wa miaka kumi na mitatu amesikia nini shuleni anastahili jibu la heshima. Baba ambaye mwanawe amemwambia jambo zito, naye hajalala usiku tatu, haponi kwa kuitwa mbaguzi. Heshima tunayoiomba kwa mmoja tunaiomba kwa wote wawili, na ikiwa mashirika ya haki yanataka kusikilizwa katika ukumbi wa parokia, yajifunze nayo kusalimu kabla ya kufundisha.

Maandiko Matakatifu hayamtaji mtu aliyebadili jinsia kama tunavyomsema leo, na si haki kuyalazimisha. Yanamtaja towashi. Sheria ya Kumbukumbu la Torati ilimzuia kuingia katika mkutano wa Bwana. Nabii Isaya, katika sura ya 56, akatangaza kwamba Mungu mwenyewe atampa towashi mwaminifu mahali nyumbani mwake na jina lililo bora kuliko la wana na mabinti. Jina! Kisha katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo anapanda gari la towashi Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia. Msafiri anasoma kitabu cha Isaya na haelewi. Filipo hakuanza na mwili wa mtu yule. Alianza na ukurasa uliokuwa mikononi mwake, akamhubiri Yesu, na walipofika penye maji akambatiza. Hatusemi kwamba towashi na aliyebadili jinsia ni kitu kimoja. Tunasema kwamba wa kwanza kutoka bara hili ambaye ubatizo wake umesimuliwa katika kitabu hicho alikuwa mtu ambaye mwili wake ulimfungia mlango wa hekalu, naye aliondoka akishangilia.

Mafundisho ya karibuni yanafuata nyayo hizo. Mnamo tarehe 31 Oktoba 2023 Idara ya Mafundisho ya Imani ilijibu maswali ya askofu mmoja wa Brazil, kwa kibali cha Papa Fransisko, ikisema kwamba mtu aliyebadili jinsia, hata akiwa amepata dawa na upasuaji, anaweza kupokea ubatizo kwa masharti yale yale ya waamini wengine, mradi tu pasiwe na hatari ya kashfa au kuwachanganya waumini. Juu ya kuwa msimamizi wa ubatizo, jambo limeachwa kwa busara ya wachungaji. Na wiki chache baadaye, Novemba 2023, siku ya Maskini Duniani, baadhi ya watu waliobadili jinsia kutoka mji wa Torvaianica, karibu na Roma, walikaa mezani Vatikani pamoja na maskini wengine. Paroko wao alikuwa amewapokea tangu mwaka 2020, wakati wa korona, walipobisha mlango wa kanisa wakiwa na njaa. Papa Fransisko alifariki Aprili 2025. Mafundisho juu ya mume na mke aliyaacha alivyoyakuta, na meza nayo aliiacha imeandaliwa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya mambo machache. Katika Sala za Waumini, asitajwe mtu wala hali yake kwa namna ambayo kila mmoja atageuka kumtazama. Tumewahi kusikia sala ambazo zilikuwa masengenyo yaliyopigiwa magoti. Mtoto asiondolewe katika mafundisho ya Kipaimara kwa sababu ya uvumi. Apelekwe kwa Paroko. Palipo na mtu aliyefukuzwa nyumbani au kupigwa, kamati ya Haki na Amani ya parokia iandike tarehe, mahali na lililotendeka, kama inavyofanya kwa mtu mwingine yeyote, bila kwanza kuchunguza kama mwathiriwa anaishi kama tunavyopenda. Bunge likialika maoni ya wananchi juu ya muswada unaohusu huntha au waliobadili jinsia, parokia iandike maoni yake, yakiwa thabiti kadiri dhamiri inavyodai, ila yasiwe na neno ambalo mwandishi angeona haya kulisoma mbele ya mtu anayehusika.

Yabaki mazishi, ambayo ndiyo yametuletea ugomvi mkubwa kuliko yote. Marehemu anapokuwa mtu wa hali hii, ukoo mara nyingi hugawanyika mbele ya jeneza, huyu akitaka jina hili, yule jina lile, na jumuiya ikachukua upande. Tunaomba mwenyekiti wa jumuiya aende kwa wazazi au kwa aliyemwuguza, siku moja kabla, pamoja na Paroko, wakubaliane jina litakalosomwa. Msomaji wa matangazo apewe karatasi iliyoandikwa, aisome kama ilivyo, wala asiongeze kitu cha kichwani mwake.